Amri ya "ondoeni taka zote" haijasema taka zipi

Mhariri,

Tumesoma taarifa mliyoichapisha kuhusu amri ya mdhibiti wa mazingira inayotaka taka zote za uchorongaji, yaani chenga za mwamba na tope (kimiminika kizito kinachozungushwa kisimani kuleta chenga juu), ziondolewe kwenye uwanja wa kisima, pamoja na maoni ya wasomaji yaliyofuata. Wengi wameipigia makofi. Sisi tunaipinga, na tunaomba nafasi tueleze sababu. Hatusemi taka hizo hazina madhara. Tunasema amri haikutaja ni taka zipi, zimebeba nini, ni kiasi gani na zinapelekwa wapi. Amri ya namna hiyo, hata ikitekelezwa neno kwa neno, inaweza kuiacha ardhi pabaya kuliko ilivyoikuta.

Tuanze na kiasi, maana ndiko makosa huanzia. Mara nyingi tani zinazotajwa hukadiriwa kwa macho, mtu akiwa amesimama ukingoni mwa shimo la taka. Hesabu ya kuaminika huanza na kisima chenyewe, kwa kuwa kipenyo na kina cha kila sehemu vimeandikwa kwenye taarifa za kila siku za uchorongaji. Chukua kisima cha mita 2,500: mita 500 za juu kwa biti (kichwa cha kutobolea) ya inchi 17½, mita 1,000 zinazofuata kwa inchi 12¼, na mita 1,000 za mwisho kwa inchi 8½. Kila mita ya inchi 17½ hutoa mita za ujazo 0.155 za mwamba. Ya inchi 12¼ hutoa 0.076, ya inchi 8½ hutoa 0.037. Jumla ni kama mita za ujazo 190. Mwamba wa kawaida una tani 2.6 hivi kwa mita ya ujazo, kwa hiyo hizo ni tani zipatazo 500 zikiwa kavu. Ongeza ukuta wa kisima uliomomonyoka na tope lililogandia kwenye chenga za mwamba, na bado ni vigumu mzigo wa chenga uvuke tani 1,000. Amri ambayo ingetaja tani 4,000 kwa kisima cha aina hiyo ingekuwa inazungumzia zaidi tope la ziada, maji ya mvua na udongo wa uwanjani. Vitu hivyo vitatu havishughulikiwi kwa njia moja, na maji ya mvua hayasombwi kwa tipa.

Halafu kuna kuchimba kupita kiasi. Tuseme shimo lina mita 40 kwa 20. Dereva wa ekskaveta akiambiwa "toa zote", atashuka sentimita 30 chini ya bitana ya plastiki iliyotandikwa shimoni ili awe na uhakika. Sentimita hizo 30 ni mita za ujazo 240, yaani zaidi ya mwamba wote uliotoka kisimani. Udongo ukishafukuliwa huvimba kwa kama robo, na hapo una mita za ujazo 300, au safari 25 za tipa la mita 12, za udongo ambao huenda ulikuwa safi. Tunasema huenda, kwa sababu meno ya ndoo yakishaichana bitana huku maji hayajapampwa, udongo huo hauwi safi tena. (Mwenye tipa naye hulipwa kwa safari, kwa hiyo usitegemee atalalamika.)

Sasa kilichomo. Namba inayowashtua wakaguzi kwenye karatasi ya maabara ni ya bariamu. Inatokana na baraiti, jiwe lenye uzito mara 4.2 ya maji, ambalo husagwa na kutiwa kwenye tope ili lipate uzito wa kuzuia mgandamizo wa gesi na maji ya chini. Chenga zilizotoka kwenye tope zito zitaonyesha maelfu ya miligramu za bariamu kwa kilo, kila mara, kila mahali. Lakini baraiti karibu haiyeyuki: lita moja ya maji safi huchukua kama miligramu 2.5 za jiwe hilo, ambazo ni miligramu 1.4 hivi za bariamu, na maji yenye salfeti huchukua pungufu ya hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 1.3 kwa lita. Hivyo hata maji yaliyolala juu ya baraiti tupu hukaribia kiwango cha kunywa. Jimbo la Louisiana nchini Marekani, lenye uzoefu mrefu wa mashimo ya aina hii, huruhusu bariamu jumla hadi miligramu 40,000 kwa kilo kwenye ardhi kavu na 20,000 kwenye ardhi oevu.

Tofauti ya kavu na oevu ina mantiki ambayo amri imeipita bila kuitazama. Mahali pasipo na hewa, bakteria wanaotumia salfeti huivunja baraiti na kuiachia bariamu iende na maji. Kwenye udongo mkavu wenye hewa hawafanyi hivyo. Sasa fikiria taka hizo zinatolewa kwenye uwanja mkavu na kumwagwa kwenye dampo la takataka za kawaida, penye vitu vinavyooza, asidi na giza lisilo na hewa. Tumeichukua baraiti mahali ilipokuwa imetulia, tukaipeleka palepale inapofunguka. Kwenye kumbukumbu za mdhibiti itaandikwa kwamba eneo limesafishwa.

Kama mdhibiti ana shaka na baraiti, aulize uchafu uliotoka nayo mgodini. Kanuni za Marekani za mwaka 1993 kwa uchorongaji wa baharini ziliweka ukomo wa miligramu 1 ya zebaki na miligramu 3 za kadimiamu kwa kilo ya baraiti. Cheti cha shehena kitaonyesha namba hizo. Kukiomba ni kazi ya barua moja.

Kinachotusumbua sisi zaidi ni chumvi, na hapa tunageukia kampuni. Utetezi wa kawaida ni kwamba "tope letu lilikuwa la maji". Tope la maji mara nyingi hutiwa kloridi ya potasiamu ili udongo wa mfinyanzi usivimbe na kubana mabomba kisimani. Kloridi ikianza kushuka na mvua hakuna kinachoishika: udongo hauizuii, bakteria hawaili, na kuchanganya na saruji hakuifungi. Saruji yenyewe ina lake. Hupandisha pH hadi karibu 12, na risasi na zinki, ambazo zilikuwa zimetulia, huweza kuanza kuyeyuka tena kwa pH kubwa namna hiyo. Kwa hiyo anayesema "tutakoroga na saruji, yaishe" aonyeshe kwanza jaribio la kuloweka lililofanywa kwenye mchanganyiko uliokwisha kukauka, kwa metali na kwa kloridi.

Chumvi hupimwa kwa upitishaji umeme wa maji yaliyokamuliwa kwenye udongo uliolowa. Louisiana hutumia desisimensi 4 kwa mita kwa ardhi kavu, na uwiano wa sodiamu dhidi ya kalsiamu na magnesiamu usiozidi 12. Sodiamu ikizidi, udongo hutawanyika, hufunga vinyweleo na maji hayapiti. Jasi husaidia kwa kuweka kalsiamu mahali pa sodiamu, mradi kuwe na njia ya maji ya kuiondoa sodiamu iliyong'oka. Jasi haipunguzi kloridi. Tumeona mipango ya ukarabati iliyoandikwa kana kwamba inapunguza, na mdhibiti akaipitisha.

Mafuta ni habari nyingine, na hapo hatubishani naye sana. Chenga zilizochorongwa kwa tope la mafuta hutoka kwenye chekeche zikiwa na mafuta ya asilimia 10 hadi 15 ya uzito. Kikaushio cha kuzungusha huyashusha hadi chini ya asilimia 5, na tanuru ya kuyafukiza hadi chini ya asilimia 1. Nchi za Bahari ya Kaskazini, kupitia OSPAR, tume ya mkataba wa kulinda bahari ya Atlantiki ya Kaskazini-Mashariki, zilipitisha asilimia 1 kama ukomo mwaka 2000, na ndiyo sababu chenga nyingi za mafuta huko husafirishwa hadi nchi kavu au hurudishwa ardhini kupitia kisima. Kama shimo lina chenga za asilimia 12 zilizotupwa bila kukaushwa, ziondoke, na zianze kesho.

Kati ya asilimia 1 na 5 kuna nafasi ya kutibu papo hapo kwa kulima. Taka husambazwa kwa tabaka jembamba, hugeuzwa kwa trekta ili hewa ipite, na huwekwa mbolea kwa uwiano wa kaboni 100, naitrojeni 10 na fosforasi 1. Unyevu uwe kati ya asilimia 40 na 85 ya ule udongo unaoweza kushika, na pH kati ya 6 na 8. Ikizidi asilimia 5 mafuta yenyewe huwalemea bakteria. Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni uvivu: tabaka linawekwa nene kuliko jembe linavyofika, nusu ya chini inakosa hewa, na baada ya miezi juu pamekuwa safi na chini pananuka vilevile. Pia chumvi ikiwa juu, bakteria hawafanyi kazi hata ukiwalima kila siku, kwa hiyo chumvi hupimwa kabla ya kuamua kulima.

Haya yote hutegemea sampuli, na sampuli za amri hii, kwa jinsi zilivyoelezwa kwenye taarifa yenu, zilichotwa ukingoni. Shimo la tope halina mchanganyiko mmoja. Baraiti na chenga nzito hutua karibu na mdomo wa bomba la kumwagia, ufinyanzi mwembamba husafiri hadi upande wa pili, mafuta huelea juu. Anayechota karibu na bomba atapata bariamu nyingi. Anayechota juu baada ya mvua atapata maji. Gawa shimo la mita 40 kwa 20 katika viwanja vya mita 5 kwa 5, upate 32, kisha zamisha bomba la kuchukulia sampuli kutoka juu hadi karibu na bitana bila kuitoboa. Kwa metali na chumvi unaweza kuchanganya viwanja kadhaa vinavyopakana kuwa sampuli moja. Kwa mafuta mepesi usichanganye, yatayeyukia hewani ukikoroga. Tumia chupa za kioo, ziwekwe kwenye baridi ya nyuzi 4, na maabara ianze kuyatoa mafuta kwenye sampuli ndani ya siku 14. Kila sampuli igawanywe mara tatu, ya mdhibiti, ya kampuni na ya akiba itakayofunguliwa pakitokea ubishi, na kila anayeipokea aweke sahihi na saa.

Chukua pia sampuli za udongo ambao haujaguswa, upande wa juu wa mteremko. Bila hizo hujui bariamu au chumvi ipi ni ya asili. Na maabara iambiwe tope lilitiwa nini. Makaa laini ya linyaiti, nyuzi za mimea na maganda yaliyosagwa, ambayo hutiwa ili kuziba nyufa kisimani, huweza kuonekana kwenye kipimo cha mafuta kana kwamba ni dizeli. Kusafisha kimiminika kilichotolewa kwenye sampuli kwa jeli ya silika kabla ya kukipima huondoa sehemu kubwa ya udanganyifu huo. Hatujaona popote kwamba hilo lilifanyika.

Tuje kwenye barabara. Taka zenye maji ya kumwagika haziendi kwenye tipa. Kuna kipimo rahisi: gramu 100 za taka huwekwa kwenye chujio la rangi kwa dakika 5, na likidondoka tone moja, mzigo bado ni wa maji. Taka zinazofeli kipimo hicho hulowana zaidi njiani, kwa sababu mtikisiko wa barabara huzikamua. Maji hukusanyika juu, huyumba kwenye kona na hutoka kwenye mlango wa nyuma wa tipa. Amri iliyotoa siku chache inawalazimisha watu kusomba kabla taka hazijakauka. Na imetolewa wakati wa mvua. Milimita 50 zikinyesha kwenye shimo la mita za mraba 800 ni lita 40,000, na shimo lililofunguliwa nusu halina tena ukingo wa kuzizuia. Jambo la kwanza lilipaswa kuwa mitaro ya kugeuza maji ya mvua, pampu, na nafasi tupu ya angalau nusu mita chini ya ukingo.

Kuacha taka mahali zilipo si uzembe ambao tumeubuni leo. Tume hiyohiyo ya OSPAR ilikubaliana mwaka 2006 kwamba marundo ya zamani ya chenga chini ya majukwaa ya Bahari ya Kaskazini yapimwe kwa vigezo viwili: mafuta yanayovuja kwenda majini yasizidi tani 10 kwa mwaka, na eneo lililochafuliwa likizidishwa na miaka litakayodumu lisivuke 500 kwa kipimo cha kilomita za mraba mara miaka. Rundo lililo chini ya vyote viwili linaweza kuachwa lioze lenyewe, kwa kuwa kulikoroga kungesambaza mafuta. Nchini Kanada, jimbo la Alberta katika mwongozo wake namba 050 huruhusu taka zilizofaulu vipimo kuchanganywa na udongo wa chini kwa uwiano wa tatu kwa moja na kufukiwa palepale.

Njia hiyo ya kufukia nayo si ya bure. Mita za ujazo 400 za taka zitahitaji 1,200 za udongo, na utafukia 1,600. Taka zenye upitishaji umeme wa desisimensi 12 zikichanganywa tatu kwa moja na udongo safi zitashuka hadi zaidi kidogo ya 3, lakini chumvi yote bado ipo, imetandazwa tu. Ndiyo maana tunasisitiza kina cha maji ya ardhini kipimwe msimu wa mvua, maana msimu wa kiangazi humfurahisha mwenye kisima na kumdanganya kila mtu mwingine.

Kuna maeneo ambako mdhibiti angekuwa sahihi kuamuru kufukua kila kitu: bonde linalofurika, maji ya ardhini yakiwa mita moja au mbili chini ya bitana, bitana iliyokwisha kupasuka na kloridi tayari imeonekana kwenye kisima cha jirani, au kipimo cha mionzi kikionyesha namba juu ya ile ya udongo wa asili, jambo lisilo la kawaida kwa chenga mpya lakini la kuangaliwa. Kama ana ushahidi wa mojawapo, auweke hadharani. Amri haikutaja hata moja.

Kwa kampuni inayokata rufaa tuna la kusema pia. Usipinge amri yote. Baraza la rufaa likiona mtu anakataa hata kupampa maji yaliyojaa hadi ukingoni, litaamini anakwepa. Omba utekelezaji usimamishwe kwa sehemu ile tu ya taka ngumu za tope la maji. Utoaji wa maji na wa chenga zenye mafuta uendelee. Ambatanisha taarifa za kila siku za uchorongaji, hesabu ya kila gunia la kemikali lililoingia na lililorudi ghalani, majibu ya maabara yakiwa na ramani ya viwanja 32, kina cha maji ya ardhini, na mpango wenye namba za kufikiwa kwa mafuta, upitishaji umeme, sodiamu, pH na metali. Hesabu ya magunia ndiyo huwasaliti wengi: ukinunua tani 60 za chumvi na kurudisha 5, nyingine 55 ziko mahali fulani, na mdhibiti ana haki ya kuuliza ni wapi.

Tunapendekeza amri ibadilishwe iseme hivi. Maji yatolewe kwanza, na mvua igeuzwe. Sampuli zichukuliwe kwa pamoja kabla ya ekskaveta kuingia. Taka zenye mafuta ya zaidi ya asilimia 5 ziende kwenye tanuru iliyosajiliwa, kila tipa likipimwa kwa mizani likitoka na likifika, na tofauti ya uzito ielezwe kwa maandishi. Zilizobaki zitibiwe papo hapo hadi zifikie namba zilizokubaliwa, zifunikwe kwa mita moja ya udongo safi, na paachwe visima vitatu vya uangalizi, kimoja upande wa juu wa mteremko na viwili upande wa chini, vilivyopimwa kabla kazi haijaanza na kila robo mwaka baadaye. Cha kutazama kwanza ni kloridi, kwa kuwa husafiri kwa mwendo wa maji na hufika kabla ya kingine chochote. Ikipanda kwenye visima viwili vya chini na isipande kwenye kile cha juu, mwenye kisima afukue yote kwa gharama yake, na siku hiyo hatutakuwa na barua ya kuandika.

Wahandisi wa udhibiti wa taka za uchorongaji